Furaha ya Goma ina historia yake

Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo. Waliondoka Desemba mosi, lakini hofu ilibaki. Ni katika mji huo wasanii, vijana na marafiki zao walipozua wazo ambalo wengi waliona halina wakati wake: tamasha la muziki na dansi. Wakaliita Amani.

Lilipangwa kufanyika mwishoni mwa Agosti 2013. Mwezi huohuo mabomu yakaangukia makazi ya watu mjini, tamasha likaahirishwa. Novemba M23 ikashindwa vitani, na Februari 2014 milango ya shule ya Collège Mwanga ikafunguliwa. Kwa siku tatu uwanja ulifurika. Kiingilio kilikuwa kidogo makusudi, ili muuza ndizi na dereva wa pikipiki nao wapate kuingia. Wasanii wa Kongo, Rwanda na Burundi walipanda jukwaa moja, wakati ambapo majina ya nchi hizo yakitajwa pamoja redioni habari huwa ni ya vita.

Wapo waliouliza: mtu anachezaje ngoma na wakimbizi wamelala kwenye mahema ya kambi ya Mugunga? Ni swali la haki, na Goma ilikuwa imeshalijibu kabla. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika hata sehemu ya njia ya kurukia ndege. Watu walirudi mawe yangali moto. Wakasimamisha nyumba za mbao juu yake, na mawe hayo meusi wakayajengea kuta. Anayengoja shida ziishe ndipo afurahi, hapa atazeeka akingoja.

Furaha ya namna hii haisahaulishi msiba. Inampa kijana wa mtaa wa Ndosho kundi linalomsubiri mazoezini kesho, na kijana anayesubiriwa ni vigumu kumshawishi aende msituni.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliuteka tena mji. Uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki pia. Siku Goma itakapojengwa upya, wapangaji wataanza na barabara, maji na umeme, na ndivyo inavyopasa. Lakini waitengee na furaha fungu lake katika bajeti hiyohiyo: ukumbi, jukwaa, mahali pa mazoezi. Wakazi wameshaonyesha kwamba nayo ni haja ya mji.