Safu ya Lugha: Kibali au taarifa?

Kila vijana wa Nairobi wanapotangaza maandamano, watangazaji wetu huuliza: “Je, wamepata kibali?” Swali hilo limepitwa na sheria tangu 1997, na linatudhuru. Kibali ni ndugu wa kitenzi kukubali, chenye asili ya Kiarabu: pasipo mwenye kukubali, hakuna kibali. Enzi ya ukoloni, kisha chini ya marais Kenyatta na Moi, neno lilifaa kabisa, kwa kuwa mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali. Walioelekea mkutanoni katika uwanja wa Kamukunji siku ya Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai, 1990, bila leseni hiyo, walipokewa kwa virungu na risasi.

Mageuzi ya 1997 yaliiondoa leseni. Kilichobaki ni taarifa: waandalizi huwaarifu polisi angalau siku 3 kabla, zisizozidi 14. Taarifa ni ndugu wa kuarifu, yaani kujulisha, na anayejulishwa haombwi. Wengine hukimbilia ruhusa wakidhani ni neno pole zaidi. Hapana. Ruhusa huombwa kwa mkubwa. Mtoto humwomba mama, mwanafunzi humwomba mwalimu. Raia mtu mzima si mtoto wa OCS, mkuu wa kituo cha polisi! Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 37, imekuita kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha, kwa jina lake: haki.

Ndugu watangazaji, kesho ulizeni hivi: “Je, polisi wamepewa taarifa?”