Muhula wa Tatu Mbele ya Majaji

Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 yanataka rais wa Burundi asitawale zaidi ya mihula miwili. Lakini Mei 2015 Mahakama ya Katiba ilimruhusu Pierre Nkurunziza kugombea tena, kwani mwaka 2005 alichaguliwa na Bunge, si wananchi. Makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikimbilia Rwanda akisema majaji walitishwa.

Mawakili wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Ngazi ya kwanza ilidai haina mamlaka ya kupima uamuzi wa mahakama ya nchi, rufaa ikakataa. Novemba 2021 muhula ule ukatamkwa haramu, Nkurunziza akiwa ameshafariki. Wenzangu hapa Mutanga Sud huuliza: ya nini basi? Mimi natazama ile hoja ya mamlaka. Serikali ikisema mahakama yake imeshaamua, Arusha jibu hilo halitoshi tena.