Mpira na Mshale Wake

Ukigoogle picha za kompyuta za kwanta, utaletewa ile ile: mtambo wa dhahabu unaoning'inia kama taa za ukumbi wa harusi. Inapendeza, lakini hiyo ni friji bana. Kazi yake ni kupoza chipu iliyo chini kabisa hadi baridi inayozidi ile ya anga za mbali. Ikianza kazi hufunikwa, na dhahabu huioni tena. Lakini ndiyo picha tuliyopewa, na wengi wetu huitazama tukijua haituhusu.

Picha iliyofanya kazi kweli ni rahisi kuchora. Ni mpira wenye mshale ndani.

Mwaka 1892 Mfaransa Henri Poincaré alitumia mpira kuonyesha namna mawimbi ya nuru yanavyotikisika, kila mtikisiko na nukta yake. Mwaka 1946 Felix Bloch, Myahudi wa Uswisi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, aliandika kuhusu viini vya atomu vinavyozunguka ndani ya sumaku kama pia. (Kazi hiyo ndiyo mzizi wa mashine za MRI.) Kisha 1957 Richard Feynman na wenzake wawili wakaonyesha kwamba chochote chenye hali mbili kinaweza kuchorwa hivyo. Neno "kubiti" lilikuwa bado halijazaliwa.

Weka 0 juu, 1 chini. Mshale unaweza kuelekea popote. Sasa chukua mishale miwili iliyolala kwenye ikweta ya mpira: mmoja unaangalia mashariki, mwingine magharibi. Ukiipima, kila mmoja una nafasi nusu kwa nusu ya kukupa 0 au 1. Lakini si sawa! Ule mwelekeo ndio unaofanya majibu mabaya yafutane na mazuri yaongezeke nguvu. Maelezo ya "sufuri na moja kwa wakati mmoja" hayakuonyeshi hilo hata kidogo.

Shida huanza kubiti zikiwa mbili. Zikifungamana kabisa, kila mshale husinyaa hadi katikati ya mpira wake, ukabaki nukta tu. Habari imehamia kwenye uhusiano wao, na uhusiano hauna mpira. Kubiti 10 zinahitaji namba 1,024 kuelezea hali yake. 50 zinapita trilioni elfu moja. Nani atachora hiyo?

Msanii Mturuki Refik Anadol alijaribu njia nyingine mwaka 2020, kule Melbourne, na kazi yake *Quantum Memories*: skrini kubwa, mamilioni ya picha za mazingira, na data ya utafiti wa kwanta kutoka Google. Inavutia macho, sikatai. Ila unaweza kusimama pale saa nzima usijue mshale unageukaje.

Wahandisi wenyewe siku hizi huchora mistari iliyolala kama ya noti za muziki, kila kubiti na wake, na visanduku njiani. Hali ya kubiti hutaiona pale. Utaona tu ipi imeguswa na ipi, na kwa mpangilio gani.