Makao ya Merere: kutoka Utengule hadi Utengule

Simama Chimala, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, uangalie kaskazini. Bonde lote la Usangu lililo mbele yako liliwahi kuwa milki ya ukoo mmoja, ukoo wa Merere, machifu wa Wasangu, na makao yao yalikuwa Utengule Usangu.

Usitegemee kuona magofu. Nyumba za huku zilikuwa tembe: miti iliyokandikwa udongo, paa bapa lililofunikwa udongo vilevile, vyumba vikizunguka ua wa kulaza ng'ombe. Tembe hudumu ikiwa na watu. Moshi wa jikoni hufukuza mchwa, na nyufa huzibwa kabla ya masika. Wenyewe wakihama, mvua za miaka michache tu zinatosha kuirudisha ardhini.

Nao walihama. Merere wa Pili, Towelamahamba, alitajirika kwa ng'ombe na kwa pembe za ndovu alizowauzia wafanyabiashara wa pwani. Miaka ya 1870 Wahehe wa chifu Munyigumba wakamfurusha hadi Usafwa. Mwaka 1877 konseli wa Uingereza, Frederic Elton, alifika kwa Merere na kukuta vita ya Wahehe imepamba moto. Alitoka salama, akaenda kufia Ugogo Desemba ya mwaka huohuo. Uwanda wa Kitulo, ulio juu ya milima inayoegemewa na Chimala, Waingereza waliuita kwa jina lake.

Kule Usafwa chifu alijenga Utengule ya pili, safari hii kwa ukuta wa mawe. Sifa za ukuta huo hupewa Merere. Mimi ningeanza na Wasafwa, waliobebeshwa mawe hayo bila kuulizwa.

Mwaka 1895 Wamoraviani wakafungua misheni Utengule hiyo. Kalenga, ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, ilikuwa imekwisha kuanguka mikononi mwa Wajerumani Oktoba 1894, nao wakamrudisha Usangu mshirika wao, Merere wa Tatu, kabla karne haijaisha.

Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini bonde halikukosa wakubwa wapya, safari hii wenye mashamba. Wahamiaji Wabaluchi walikuwa wakilima mpunga wa kumwagilia tangu enzi za mkoloni. Miaka ya 1970 Serikali, kwa msaada wa Wachina, ikaanzisha shamba la Mbarali, lenye hekta zaidi ya 3,000, chini ya shirika lake la kilimo, NAFCO. Miaka ya 2000 likabinafsishwa, na ugomvi wa nani alime wapi, nani achungie wapi, ukaanza upya.