Uzuri wa Wavuja Jasho katika Mashairi ya Bahari ya Vietnam

Mshairi aketiye barazani huitazama bahari akaona rangi yake. Mvuvi huitazama akaona riziki, na aghalabu huona pia kaburi. Makala haya yanakusudia kuonyesha namna washairi wa Vietnam walivyousafiri umbali uliopo baina ya macho hayo mawili, na wapi walifika.

Vietnam ni nchi nyembamba yenye pwani ya zaidi ya kilomita 3,200. Hata hivyo, kwa karne nyingi ushairi wake ulioandikwa ulikuwa mikononi mwa wanazuoni waliosoma Kichina cha kale na kupandishwa vyeo kwa mitihani ya ufalme. Mvuvi alikuwemo katika tungo zao, lakini alikuwemo kama picha. Pamoja na mkata kuni, mkulima na mchungaji, aliwakilisha utulivu alioutamani msomi aliyechoshwa na fitina za ikulu. Hata Nguyễn Đình Chiểu (1822–1888), mshairi kipofu wa kusini aliyewahurumia sana wanyonge, alipotunga utungo mrefu wa mvuvi na mkata kuni wanaojadiliana juu ya utabibu, aliwafanya wote wawili kuwa wasomi waliojitenga na dunia. Mvuvi wa namna hiyo hanuki samaki.

Harufu hiyo iliingia mwaka 1939. Tế Hanh, aliyezaliwa mwaka 1921 katika kijiji cha wavuvi wilayani Bình Sơn, mkoa wa Quảng Ngãi, alikuwa mwanafunzi mjini Huế, umri wake miaka 18. Ulikuwa wakati wa harakati za Ushairi Mpya (1932–1945), ambapo vijana waliosoma shule za Kifaransa waliimba zaidi mapenzi na upweke wa nafsi. Yeye aliandika "Quê hương", yaani "Kwetu". Mishororo yake ina mizani nane, hesabu ileile ya utenzi wetu, ijapokuwa lugha yao huenda kwa toni. Kabla ya kuanza aliweka mshororo mmoja wa babaake, mithili ya mtu anayebisha hodi kwao. Kisha vyombo vinatoka alfajiri, vinarudi, na diko linafurika watu. Wavuvi wake wana ngozi iliyobabuka kwa jua na miili inayonukia masafa ya mbali. Mashua nayo imelala mchangani kwa uchovu, chumvi ikipenya mbaoni. Hapo uzuri haukupambwa. Umo katika mwili uliofanya kazi, na aliyeutambua ni mtoto wa nyumba hiyo.

Jambo moja shairi halikulisema. Chumvi hiyohiyo, ambayo bila yake samaki huoza, serikali ya kikoloni ya Kifaransa ilikuwa imeihodhi biashara yake tangu mwisho wa karne ya 19. Mvuvi aliyerowa chumvi baharini aliinunua ghali nchi kavu.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1954 uliigawa nchi kwenye latitudo ya 17. Tế Hanh alibaki kaskazini, na kijiji chake kikawa kusini. Mwaka 1956 alitunga shairi la kuukumbuka mto wa kwao, na mpaka ule haukuondoka hadi vita vilipokwisha mwaka 1975.

Wa pili ni Huy Cận, aliyezaliwa mwaka 1919 mkoani Hà Tĩnh. Diwani yake ya kwanza, "Lửa thiêng" (1940), imejaa huzuni. Mapinduzi ya mwaka 1945 yalimfanya waziri wa kilimo akiwa na miaka 26, naye alikuwa mmoja wa wajumbe watatu waliopokea kujiuzulu kwa mfalme Bảo Đại mjini Huế. Mwaka 1958 alikwenda Hòn Gai, pwani ya makaa ya mawe na wavuvi, akatunga "Đoàn thuyền đánh cá", yaani "Msafara wa Vyombo vya Uvuvi". Katika beti saba vyombo vinatoka jua likizama na kurejea likichomoza. Wavuvi wanaimba usiku kucha. Nguru na chewa wanameta majini. Chombo kinakwenda baina ya mawingu na bahari, na mvuvi amekuwa mkubwa kama mbingu.

Msomaji ana haki ya kuuliza: je, wimbo huo ni wa wavuvi kweli? Mwaka huohuo wa 1958 waandishi wa majarida ya "Nhân Văn" na "Giai Phẩm", waliodai uhuru wa kuandika, waliadhibiwa, na waandishi wengi wakapelekwa viwandani na mashambani wakajifunze kwa wafanyakazi. Kumsifu mvuja jasho kulikuwa pia wajibu. Katika shairi hilo umo mkono unaokaza wavu kunapopambazuka, lakini hayumo aliyezama, wala mjane wake. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Tangu mwaka 1888 machimbo ya Hòn Gai yalimilikiwa na kampuni ya Kifaransa, na mwaka 1936 wachimbaji zaidi ya 30,000 waligoma. Kwa watu wa pwani hiyo, waliozoea kuhesabiwa kama nguvu ya kukodi, kuimbwa sawa na nyota hakukuwa jambo dogo.

Lililokosekana humo wenyewe wamelihifadhi. Mkabala na Quảng Ngãi kipo kisiwa cha Lý Sơn, ambako zamani mabaharia walitumwa na watawala kwenda visiwa vya Hoàng Sa. Kila mmoja alichukua mkeka, vipande vya mianzi na kamba ya henzirani. Akifa, wenzake walimviringisha humo na kumtosa. Nyumbani ulifinyangwa mwili wa udongo ukazikwa katika "kaburi la upepo". Na katika pwani ya kati, ambako nyangumi huheshimiwa kama mlinzi, wavuvi hushika makasia nchi kavu na kuimba safari nzima, dhoruba ikiwemo.

Tế Hanh alifariki mwaka 2009. Mwaka huohuo kiwanda cha Dung Quất, cha kwanza kusafisha mafuta nchini humo, kilianza kuzalisha katika wilaya yake ya Bình Sơn. Mashairi yale mawili yamesomeshwa kwa vizazi, na yanastahili. Lakini uzuri wa mvuvi hautimii kwa jua na wimbo peke yake. Anayetaka kumwimba na atazame kwanza ndani ya chombo, auone na ule mkeka.