Bastola kuukuu: Jinsi inavyochakaa na kwa nini si kazi ya jua kali

KATIKA mtaa wa Mathare, jijini Nairobi, kitu kibovu hakitupwi. Redio iliyonyamaza, cherehani iliyokatika mkanda, jiko lililotoboka na baiskeli iliyopinda rimu, vyote hupata fundi kando ya Barabara ya Juja au katika karakana za Kariobangi, na mara nyingi hurudi kazini siku iyo hiyo.

Bastola haimo katika orodha hiyo. Ina springi, pini na kingo za chuma kama mashine nyingine, na huchakaa vivyo hivyo. Hata hivyo, madhara ya uchakavu wake hayaishii kwa mwenye nayo, na sheria ya Kenya haimruhusu fundi wa kawaida kuifanyia kazi.

INAVYOCHAKAA

Bastola iliyotunzwa vyema hudumu miongo mingi. Zingali zipo zinazofanya kazi za aina ya Browning, ambayo ilianza kuundwa nchini Ubelgiji mnamo 1935, na za aina ya Ceska CZ 75, iliyotokea 1975. Kinachodumu hasa ni fremu na mtutu. Vilivyomo ndani ni vya kubadilishwa kila vinapochoka.

Cha kwanza kuchoka aghalabu ni springi inayorejesha slaidi, yaani ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapofyatuliwa. Baadhi ya watengenezaji hupendekeza springi hiyo ibadilishwe baada ya risasi kati ya 3,000 na 5,000. Ikilegea, chuma hugonga chuma kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa na hatimaye fremu huweza kupata nyufa.

Springi ya kasha la risasi nayo hulegea. Matokeo yake ni risasi kutopanda sawasawa na kukwama njiani. Ndoana inayochomoa ganda lililotumika huliwa ncha, na ganda likabaki ndani. Pini inayogonga kitako cha risasi huvunjika au kuwa butu, na silaha ikagoma.

Bastola inayogoma inaudhi, lakini ile inayolia bila kuamriwa ndiyo ya kuogofya zaidi. Kuna kingo ndogo za chuma zinazoizuia nyundo mpaka kidole kivute kifyatulio. Kingo hizo zikiliwa, au mtu asiye na ujuzi akizipiga tupa ili kifyatulio kiwe laini, silaha huweza kufyatuka inapoanguka sakafuni au inapogongwa.

Katika rivolva, matundu ya silinda hupaswa kulingana barabara na mtutu. Uchakavu ukiyapotosha hata kidogo, vipande vya risasi huruka pembeni na kuweza kumjeruhi mpigaji au aliye karibu naye. Aidha, risasi dhaifu huweza kunasa ndani ya mtutu. Ikifuatiwa na nyingine, mtutu huweza kupasuka mkononi.

Jasho la kiunoni, vumbi na unyevu wa kabati huharakisha mambo haya yote, hata kwa silaha ambayo haijafyatuliwa kwa miaka.

UTUNZAJI

Kwa mwenye kibali, utunzaji wa nyumbani una mipaka yake. Kwanza, kasha la risasi hutolewa, kisha chemba hukaguliwa kwa macho na kwa kidole, huku mtutu ukielekezwa mahali pasipo na mtu. Ajali nyingi za kusafisha silaha hutokana na risasi moja iliyosahaulika katika chemba.

Baada ya hapo mtutu husuguliwa kwa burashi na kitambaa, na sehemu zinazosuguana hupakwa mafuta kidogo. Mafuta mengi hukusanya vumbi na kugeuka matope. Ni busara pia kuweka hesabu ya risasi zilizofyatuliwa, kwa kuwa springi iliyochoka haitambuliki kwa macho.

Mengine yote ni kazi ya fundi wa silaha aliyesajiliwa. Yeye hutumia vipuri vya modeli ile ile, huipima silaha baada ya ukarabati, na huandika kazi aliyoifanya.

SHERIA

Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, ilianza kutumika mnamo 1954. Inamtaka kila raia mwenye bunduki au bastola awe na cheti, ambacho huhuishwa kila mwaka. Sheria hiyo haiihesabu bastola nzima tu kuwa silaha, bali pia sehemu zake muhimu kama vile mtutu. Biashara ya kuunda, kuuza au kukarabati silaha ni ya waliosajiliwa pekee, nao hulazimika kuweka daftari.

Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Dkt Fred Matiang'i, aliamuru raia wote wenye silaha wakaguliwe upya na Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha.

Si sadfa kwamba sheria hiyo ilizaliwa katika miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 20, 1952. Wapiganaji wa Mau Mau, waliokuwa na wafuasi wengi Nairobi, walikosa silaha za kutosha na wakategemea pia bunduki zilizoundwa kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango. Nyingi ziligoma, na nyingine ziliwapasukia walizozishika. Somo hilo la miaka ya hamsini lingali kweli: chuma ambacho hakikuundwa kustahimili mlipuko hakiaminiki.

UKUTA WA MABATI

Mathare pana sababu nyingine ya tahadhari. Nyumba nyingi katika vijiji kama Kosovo, Mashimoni, Bondeni na Mabatini ni za mabati, na zimekaribiana kiasi cha jirani kusikia kikohozi cha mwenziwe. Risasi ya milimita tisa hutoka mtutuni kwa kasi ya takribani mita 350 kwa sekunde. Bati haliizuii. Bastola ikianguka na kufyatuka katika chumba kimoja, anayeumia huenda ni mtoto aliyelala chumba cha pili.

Wakazi wa eneo hilo wanajua risasi isiyowalenga huweza kufika wapi. Machi 30, 2020, wakati wa kafyu ya kudhibiti ugonjwa wa Covid-19, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, katika eneo bunge la Mathare. Afisa wa polisi alishtakiwa mwaka huo kwa mauaji.

NAMBA NA KUMBUKUMBU

Suala la vipuri linagusa pia haki. Mifereji ya mtutu huacha mikwaruzo juu ya risasi, na pini huacha alama kwenye ganda. Wataalamu wa uchunguzi huzitumia alama hizo, pamoja na namba iliyochongwa kwenye fremu, kubainisha silaha ilikotoka. Bastola iliyounganishwa vichochoroni kwa vipande vya hapa na pale, namba yake ikiwa imefutwa, huwa haina historia inayoweza kufuatiliwa.

Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilichapisha ripoti mnamo 2017 kuhusu vijana wanaouawa na polisi. Katika visa kama hivyo, mara nyingi polisi husema marehemu alikutwa na bastola, nazo familia hukanusha. Swali la kwanza la mpelelezi huru basi ni hili: silaha hiyo ilikuwa ya nani kabla ya siku ile? Bila namba na daftari, swali hilo halina jibu.

Ndiyo maana Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 21, 2004, inayataka mataifa wanachama kutia alama na kuweka kumbukumbu za silaha. Shirika la kusimamia utekelezaji wake, RECSA, lina makao yake papa hapa Nairobi.

MWISHO WA SILAHA

Kuna wakati ukarabati haufai tena. Fremu yenye ufa au mtutu uliovimba haurekebishwi. Silaha hiyo husalimishwa ili iharibiwe. Serikali iliteketeza silaha haramu 5,250 huko Ngong mnamo Novemba 2016, na nyingine 5,144 mnamo Juni 2021.

Familia iliyofiwa na mwenye kibali haina budi kukumbuka kwamba cheti ni cha mtu, wala hakirithiwi. Bastola ya marehemu haigawanywi pamoja na vyombo vya nyumbani. Hupasa kituo cha polisi kilicho karibu kiarifiwe mara moja, na kwa wakazi wengi wa Mathare hicho ni cha Pangani.

Naye anayeikuta silaha shimoni au kando ya mto asiiokote, asiijaribu, wala asimpelekee fundi aiangalie. Awazuie watoto wasiikaribie, kisha aite polisi.