Ngoma ya chatu: nyoka huvuta watu, kikundi ndicho kinachowashika

Wasukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao walikuja pia na ngoma zao. Kwa hiyo hata huku ukanda wa ziwa, Ikola na Karema, mtu akisema "ngoma ya nyoka" anaeleweka. Wengi huamini kwamba kikundi chenye chatu kimeshashinda kabla ya kuanza. Hapana. Chatu ni mchezaji mgumu kuliko wote uwanjani.

Kwanza tuelewe mashindano yenyewe. Usukumani kuna pande mbili za jadi, Wagika na Wagalu, zilizoanzishwa na Ngika na Gumha katika karne ya 19. Baada ya mavuno, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu. Ndiyo maana kila upande hutafuta kivutio, na dawa za mvuto nazo hazikosekani. Mashindano haya hadi leo huonekana kwenye sikukuu ya Bulabo huko Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza.

Sasa chatu. Hana sumu, lakini ana meno makali yaliyopinda kuelekea nyuma, na huua kwa kuminya. Hafuati mdundo, anachohisi zaidi ni mtikisiko wa ardhi. Asubuhi ya baridi huwa mzito, na jua kali la mchana linaweza kumuua. Akiwa ameshiba, ukimsumbua hutapika. Akikaribia kujivua gamba, macho huwa meupe kama maziwa, haoni vizuri, na huuma upesi. Hesabu mwenyewe siku zinazobaki za kumtoa uwanjani!

Kwa sababu hiyo kikundi hupangwa kana kwamba nyoka hatakuwepo. Manju awe na nyimbo za kutosha na ulimi mkali wa kuwachokoza wapinzani. Wapiga ngoma wasichoke. Wachezaji wa bugobogobo, wale wa majembe, waweze kubeba uwanja peke yao. Chatu hubaki kwenye sanduku, kivulini.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumtoa mapema. Watu hukimbilia, hupiga kelele, halafu dakika chache baadaye wameshamzoea. Upande wa pili ukianzisha wimbo mtamu, wanahama wote. Afadhali atolewe pale umati unapoanza kulegea, kwa muda mfupi, kisha wimbo mkubwa kuliko yote ufuate papo hapo.

Mshika nyoka naye hafanyi kazi peke yake. Mmoja hulinda kichwa, mwingine hukaa karibu na mkia, maana chatu akikaza, hufunguliwa kuanzia mkiani. Kumvuta kichwa ni kumchochea akaze zaidi. Ujuzi wa nyoka Usukumani ulikuwa wa chama maalumu, Wayeye, waliofundishana kwa siri namna ya kuwakamata na dawa za kutibu walioumwa. Kijana aliyeokota chatu shambani juzi hana elimu hiyo, hata awe jasiri vipi.

Na asisahau kwamba chatu ni nyara ya Serikali. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumfuga bila kibali ni kosa, ngoma au si ngoma. Kibali huulizwa ofisi ya wanyamapori kabla nyoka hajaingia kwenye sanduku.